Bahati, mganga au muujiza? Dhana potofu kuhusu raha na machungu ya AFCON

Keti na mashabiki baada ya mechi ya Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON), na sababu za matokeo utazisikia zilezile: bahati, mganga, muujiza, au mtu mmoja aliyetuponza. Nazielewa, maana zinafariji. Lakini nyingi hazilingani na yaliyotokea uwanjani, na mimi ninayeipenda AFCON kuliko hata Kombe la Dunia naona zinatupunja nusu ya utamu wake.

Dhana: Matuta (mikwaju ya penalti ya kuamua mshindi) ni bahati nasibu

Tuanze na Ivory Coast, maana hakuna timu iliyochekeshwa na kulizwa na penalti kama hiyo. Mwaka 1992 mjini Dakar ilimaliza mashindano yote bila nyavu zake kutikiswa, ikatoka 0-0 na Ghana kwenye fainali, kisha ikashinda matuta 11-10. Kila aliyekuwa uwanjani alipiga, makipa nao wakapiga, duru ikaanza upya, ndipo Alain Gouaméné akapangua mkwaju wa nahodha wa Ghana, Anthony Baffoe. Abedi Pele, roho ya timu ile ya Ghana, alikuwa nje kwa adhabu ya kadi, akitazama tu.

Mwaka 2006 nchini Misri ikawa 12-11 dhidi ya Kameruni katika robo fainali. Wachezaji wote 22 walifunga. Samuel Eto'o wa Kameruni aliporudi kwa mkwaju wake wa pili akapaisha, Didier Drogba wa Ivory Coast akamaliza kazi. Mwaka 2015 mjini Bata, Ghana tena: Ivory Coast walikosa mikwaju miwili ya mwanzo na bado wakashinda 9-8. Kipa Boubacar Barry aliokoa mkwaju wa kipa mwenzake, Brimah Razak, kisha akaenda kupiga wa kwake na kufunga.

Sasa, ingekuwa bahati nasibu tupu, Ronwen Williams wa Afrika Kusini asingepangua penalti nne katika robo fainali moja dhidi ya Cape Verde, kama alivyofanya kwenye fainali za 2023. Makipa husoma wapigaji. Yule kipa wa Misri, Gabaski, kwenye fainali zilizochezwa Kameruni, alikuwa na chupa ya maji iliyoandikwa kila mpigaji hupenda upande gani. Bahati ipo, sikatai. Mpira ukigonga mtambaa panya unaweza kuingia au kutoka. Ila kuita mchezo mzima wa mita kumi na moja bahati ni kumdhulumu kipa aliyekesha akitazama video.

Dhana: Kuna mkono wa mganga

Hii haifi. Mwaka 2002 mjini Bamako ilifika hadi kwa polisi: kabla ya nusu fainali kati ya wenyeji Mali na Kameruni, Thomas Nkono, kipa maarufu wa zamani aliyekuwa kwenye benchi la ufundi la Kameruni, alikamatwa uwanjani akishukiwa kuweka hirizi. Kameruni walishinda 3-0. Kama mnataka maelezo, tazameni safu yao ya ulinzi: walitwaa kombe lile bila kuruhusu goli hata moja mechi sita mfululizo. Hirizi gani hiyo inayopanga mabeki vizuri hivyo?

Dhana: Zambia 2012 ilikuwa muujiza

Naelewa kwa nini watu husema hivyo. Aprili 1993 ndege ya jeshi iliyobeba timu ya taifa ya Zambia ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka Libreville, Gabon. Watu wote 30 walifariki, 18 kati yao wachezaji, wakiwa njiani kwenda Senegal kucheza mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Miaka kumi na tisa baadaye Zambia ikatwaa ubingwa wake wa kwanza katika mji uleule, baada ya wachezaji kwenda ufukweni kuweka maua. Ni nani asiyetokwa machozi?

Lakini neno muujiza linaficha mambo mawili. La kwanza, Zambia haikuchukua miaka kumi na tisa kusimama. Kalusha Bwalya, ambaye hakuwa kwenye ndege ile kwa sababu alikuwa akicheza Uholanzi, aliongoza kikosi kipya hadi fainali ya 1994 huko Tunisia. Wakatangulia kufunga, kabla ya Emmanuel Amunike wa Nigeria kuweka mawili. La pili, kikosi cha 2012 chini ya kocha Hervé Renard kilikuwa timu ya kweli. Kiliifunga Senegal mechi ya kwanza, kikaitoa Ghana nusu fainali kwa goli la Emmanuel Mayuka baada ya kipa Kennedy Mweene kupangua penalti ya Asamoah Gyan. Kwenye fainali Ivory Coast walipata penalti dakika ya 70, Drogba akapaisha. Matuta yakaisha 8-7, Mweene akiwa mmoja wa waliofunga, na Stoppila Sunzu akapiga la mwisho.

Na hili huwa halisemwi: Ivory Coast ya 2012 nayo haikufungwa goli hata moja ndani ya mchezo, tangu mechi ya kwanza hadi fainali. Ya 1992 ilifanya hivyohivyo ikapewa kombe. Hii ikapewa medali ya fedha. Ukitaka kujua machungu ya AFCON yanafananaje, hapo ndipo pa kutazama.

Dhana: Ukianza vibaya umekwisha

Fainali za 2023 (zilizochezwa Januari na Februari 2024, na msishangae, jina lilibaki la mwaka uliopangwa) zilizika dhana hii. Wenyeji Ivory Coast walifungwa 1-0 na Nigeria, kisha 4-0 na Guinea ya Ikweta mbele ya watu wao. Kocha Jean-Louis Gasset akaondoka. Shirikisho likajaribu hata kumuazima Renard, aliyekuwa akiifundisha timu ya wanawake ya Ufaransa, likakataliwa. Kazi akapewa msaidizi, Emerse Faé. Wakati huo walikuwa wakisubiri matokeo ya wengine, na walipenya wakiwa timu ya mwisho kufuzu kati ya zilizoshika nafasi ya tatu kwenye makundi, baada ya Morocco kuifunga 1-0 Zambia iliyokuwa ikiwania nafasi hiyohiyo.

Kilichofuata ni ushindi mtupu: Senegal kwa matuta, Mali huku Ivory Coast wenyewe wakiwa pungufu na goli lao la kusawazisha likija dakika ya 90, DR Congo 1-0, halafu fainali na Nigeria ileile. Nigeria wakatangulia, Franck Kessié akarudisha, na dakika ya 81 Sébastien Haller, aliyekuwa ametibiwa saratani ya korodani mwaka 2022, akanyoosha mguu mbele ya beki. 2-1.

Dhana: Ni yeye aliyetuangusha

Drogba amelaumiwa kwa 2006, alipokosa kwenye matuta ya fainali na Misri, na kwa 2012. Wanaomlaumu husahau kwamba siku zote mbili timu nzima ilicheza dakika 120 bila kuliona lango. Penalti moja huonekana. Nafasi kumi zilizopotezwa na wengine hazikumbukwi.

Mwaka 2022 mjini Yaoundé, Sadio Mané wa Senegal alikosa penalti dakika ya saba ya fainali na Misri, baada ya Mohamed Salah wa Misri, mwenzake wa Liverpool wakati huo, kuonekana akimnong'oneza kipa. Saa mbili na zaidi baadaye, Mané alirudi kupiga mkwaju wa mwisho na kuipa Senegal kombe lake la kwanza. Salah alikuwa amepangwa wa tano, zamu yake haikufika. Kwenye benchi la Senegal alikuwepo Aliou Cissé, nahodha aliyekosa penalti kwenye fainali ya 2002 na kocha aliyepoteza fainali ya 2019 kwa goli la Algeria la dakika ya pili.

Dhana: Afrika Mashariki ni wasindikizaji

Kwa idadi ya makombe, ndiyo, hatuna la kujisifia mbele ya Misri yenye saba. Ila Sudan na Ethiopia zilikuwa miongoni mwa timu tatu za mashindano ya kwanza, Khartoum 1957. Ethiopia ilichukua ubingwa 1962, Sudan 1970, na Uganda ilifika fainali 1978. Kilichopotea ni miaka mingi baadaye. Tanzania ilicheza 1980 ikasubiri hadi 2019, na huko ikafungwa mechi zote tatu, moja na jirani Kenya 3-2. Kenya nayo ilipewa uenyeji wa 1996 ikapokonywa, Afrika Kusini ikaandaa na kutwaa kombe.

Kwamba tunasindikiza tu, hata hivyo, kunakanushwa na mechi moja ya Januari 2024. Simon Msuva aliifungia Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, dakika ya 11 dhidi ya Zambia, Zambia wakabaki kumi kabla ya mapumziko, na Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. Piga hesabu: Stars wangehimili dakika zile chache, na mengine yote yakabaki yalivyo, wangemaliza na pointi nne, nafasi ya pili. DR Congo yenye sare tatu ingeshuka hadi ya tatu, pointi sawa na Ivory Coast lakini bila deni la magoli, yaani bila kufungwa mengi kuliko iliyofunga. Wenyeji wangetolewa hatua ya makundi, na Haller asingepata fainali ya kufunga.