Hitimisho katika Ufahamu: Kumsaidia Mtoto Kung'amua Jambo Ambalo Mwandishi Hakulitaja

Katika somo la ufahamu, hitimisho ni jambo ambalo mwandishi hakulitaja, lakini msomaji hulijua kwa kuunganisha yaliyoandikwa na yale anayoyafahamu tayari. Lisichanganywe na hitimisho la insha, yaani aya ya mwisho ambamo hoja hufungwa. Hili la ufahamu hufanyika kichwani mwa msomaji, na huanza tangu sentensi ya kwanza.

Tuchukue kifungu kifupi: "Asha alifungua mlango taratibu, akavua viatu vilivyolowa, akauegemeza ukutani mwavuli uliopinduka. Mama alitazama saa, kisha akaifunua sahani iliyokuwa mezani." Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mvua ilinyesha, wala kwamba Asha alichelewa, wala kwamba aliwekewa chakula, na hata hivyo msomaji mzoefu huyapata yote matatu bila kusita, tena huongeza kwamba kulikuwa na upepo, kwa kuwa mwavuli haupinduki wenyewe.

Sasa mwulize mtoto Mama yuko katika hali gani. Huenda akajibu upesi kwamba amekasirika, kwa sababu anayechelewa kurudi nyumbani hugombezwa. Jibu hilo si la kipuuzi, maana kule kutazama saa kunaliunga mkono. Lakini sahani iliyofunuliwa inalipunguzia nguvu. Mtoto amechukua uzoefu wake akaupachika juu ya matini, dokezo moja likabaki nje. Hapo ndipo kuhitimisha kunapoachana na kubahatisha: anayehitimisha anaweza kuweka kidole juu ya neno lililompa jibu, na yuko tayari kulibadili jibu hilo iwapo neno jingine litalikataa. Kwa hiyo swali ninaloliona lina manufaa kuliko yote ni "Umejuaje?", na liulizwe hata jibu likiwa sahihi, kwa kuwa mtoto anayeulizwa hivyo pale tu anapokosea hulichukua swali lenyewe kuwa ishara ya kosa, akaliacha jibu lake badala ya kulitetea.

Si kila hitimisho huhusu hisia za wahusika. Mengine ni madogo mno kiasi kwamba mtu mzima hajui kama ameyafanya. Kiswahili humpunguzia msomaji sehemu ya kazi hiyo kwa upatanisho wa ngeli: tukisoma "Gari liligonga mti, ukaanguka", kiambishi u- kinatuonyesha kwamba kilichoanguka ni mti. Lakini katika "Rehema alimshika Zuhura mkono kwa sababu alikuwa anateleza", a- yaweza kuwa ya yeyote kati yao, na sarufi haituamulii. Tunajua aliyeteleza ni Zuhura kwa kuwa anayeteleza ndiye hushikwa asianguke. Mtoto ambaye nguvu zake zote zinaishia katika kuunganisha silabi anaweza kulipita jambo hilo, na kuanzia hapo hadithi nzima ikamvurugikia.

Hata hivyo, kusoma maneno kwa ufasaha hakutoshi. Watafiti Jane Oakhill na Kate Cain, wa Uingereza, wamewachunguza kwa miaka mingi watoto wanaotamka maneno vizuri lakini wanaotatizwa na maana ya matini, na udhaifu katika kuhitimisha ni miongoni mwa mambo waliyoyakuta. Utafiti wa kimataifa wa PIRLS, ambao tangu mwaka 2001 hupima usomaji wa wanafunzi wa mwaka wa nne wa shule, nao hutenganisha maswali ya kutafuta habari iliyotajwa wazi na yale ya kuhitimisha.

Katika kufundisha, picha isiyo na maandishi ni mwanzo mzuri, kisha sentensi moja au mbili, kabla ya hadithi kamili. Mwalimu au mzazi asome kwa sauti na kusimama kila anapokuta dokezo, akisema waziwazi anachofikiri na kilichomfanya afikiri hivyo. Pia awaruhusu watoto kusema "bado hatujui". Tukiuliza Asha alikuwa ametoka wapi, kifungu chetu hakina dokezo lolote, na mtoto anayejibu kwamba matini haijasema anastahili alama zote.