Kiingereza cha kidato cha kwanza kinavyowachuja watoto wa Kayumba

Ada ya sekondari za serikali Tanzania, shilingi 20,000 kwa kutwa na 70,000 kwa bweni, ilifutwa mwaka 2016. Kikwazo kile kilikuwa cha kweli, lakini lugha haikuguswa, na kwa maoni yangu ndiyo inayochuja zaidi.

Mtoto wa Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, husoma miaka saba kwa Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza, karibu kila somo linageuka Kiingereza. Mwenzake aliyelipiwa English medium hana mto wa kuvuka, na mtihani wao ni mmoja.

Chukua Biolojia. Usanisinuru anaijua tangu msingi: jani, mwanga, maji, kabonidayoksaidi. Ubaoni anakuta photosynthesis. Mwalimu anaeleza kwa Kiswahili, anaandika notsi kwa Kiingereza, darasa linanakili. Swali la kutaja sehemu za jani atalipata kwa kukariri. Likija la kueleza kwa nini mmea uliofungiwa gizani hautengenezi wanga, linataka sentensi tatu za kwake mwenyewe. Hapo ananakili swali lenyewe au anaacha wazi. Akijibu kwa Kiswahili, hata akipatia, hana alama. Kidato cha nne, chini ya 30 ni F, na krediti huanzia 45. Bila krediti tatu, kidato cha tano hakipo.

Mwalimu, pima kwanza. Toa maswali matano ya kueleza kwa Kiingereza, usiyajadili, kisha baada ya siku mbili yatoe yaleyale kwa Kiswahili. Aliyepata 2 kati ya 20 halafu 14, Biolojia anaijua. Aliyepata 2 mara zote mbili, mrudishe kwenye mada. Usianze na Kiswahili, kwani utakuwa umeshamtafsiria swali.

Kwa yule wa 14, anza kipindi na maneno manane tu ya mada. Wajadiliane kwa Kiswahili dakika kumi, kisha waandike kwa Kiingereza wakitumia vianzio vya sentensi ulivyoweka ubaoni. Vipunguze kila wiki. Ukiviacha muhula mzima, navyo vitakaririwa.

Haya yafanyike ndani ya ratiba. Ukiyapeleka jioni, wanaobaki ni wa karibu na shule, na wenye nauli. Anayetembea kilomita sita, tena ana maji ya kuchota nyumbani, ameshaondoka.