Je, wajua kwa nini kompyuta ya zamani hufia kabatini?

Mtu anaizima kompyuta yake ikiwa nzima, anaifunika vizuri, anaiweka kabatini. Miaka thelathini baadaye anaitoa, anaifuta vumbi, anabonyeza swichi. Kimya. Haikuanguka, haikulowa, hakuna aliyeigusa. Basi nini kimeiua?

Mara nyingi muuaji alikuwa amelehemiwa kwenye ubao mama, ule ubao mkuu unaobeba chipu, tangu siku ya kwanza. Kompyuta nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, zile zenye prosesa za daraja la 286, 386 na 486, pamoja na kompyuta za Amiga 2000 na Amiga 500 Plus, ziliwekewa betri ndogo ya nikeli na kadimiamu ili saa iendelee kutembea mashine ikiwa imezimwa. Ni seli tatu za volti 1.2 zilizofungwa pamoja kama kipipa, jumla volti 3.6. Ndani yake mna hidroksidi ya potasiamu, alkali kali. Betri ikizeeka huanza kuvuja, na kuvuja huko hakungoji umeme. Majimaji hutambaa polepole kwenye njia za shaba, hupenya chini ya rangi inayozikinga, hupanda hadi ndani ya soketi za chipu. Ukiona ukoga wa kijani au wa buluu karibu na betri, ujue ndio hayo. Na usidanganyike na sehemu inayoonekana safi: njia ya shaba yaweza kuwa imeliwa ikakatika chini ya rangi iliyobaki nzima. Ndiyo maana multimita, kile kipima umeme cha mafundi, huhitajika hata pale macho yanaposema hakuna tatizo.

Kwa hiyo usiiwashe kwanza. Fungua, tazama, kata betri uitoe. Ukoga wa betri za aina hii huoshwa kwa siki au maji ya ndimu, kwa kuwa asidi huua nguvu ya alkali. Kisha maji safi, kisha alkoholi ya isopropili, kisha ubao uachwe ukauke kabisa. Kompyuta kadhaa za Macintosh za enzi hizo, SE/30 ikiwemo, zilitumia betri ya lithiamu badala ya hiyo, nayo hupasuka ikala ubao na hata fremu ya chuma. Uchafu wake una asidi, basi siki haitasaidia kitu. Hapo hutumika bikaboneti ya sodiamu iliyoyeyushwa kwenye maji.

Mshukiwa wa pili ni kapasita, kijisehemu kinachohifadhi umeme kidogo na kuutuliza. Chukua IBM PC ya mwaka 1981 au XT ya 1983. Unawasha, hata feni haizunguki, na wengi hukimbilia kusema pawasaplai, sehemu inayogawa umeme, imekufa. Pengine ni nzima kabisa, ila imehisi shoti ikakataa kutoa umeme, kama ilivyoundwa kufanya. Kwenye mashine hizi chanzo cha kawaida ni kapasita za tantali, zile ndogo zenye umbo la tone, hasa zilizo kwenye njia ya volti 12. Ndani yake kuna tabaka jembamba mno la oksidi linalozuia umeme kupita. Likiwa na dosari, siku umeme unaporudi ghafla baada ya miaka mingi linatoboka, na kapasita inageuka kuwa kipande cha waya. Kuipata si kazi ngumu. Mashine ikiwa imechomolewa, pima omu (ukinzani) kati ya njia ya volti 12 na grandi, yaani upande wa volti sifuri. Ukisoma karibu na sifuri, chomoa kadi moja moja ukipima tena. Shoti ikibaki, iko kwenye ubao wenyewe, basi inua mguu wa kapasita moja moja hadi namba ya kipimo ipande juu. Unapoweka mpya, angalia alama ya chanya mara mbili: tantali iliyogeuzwa hulipuka kwa moto. Miwani ya kinga ni lazima.

Kapasita za maji (zenye majimaji ndani) za kubandikwa juu ya ubao, kama za SE/30 ya 1989 au Amiga 1200 ya 1992, zina ugonjwa wao. Huvuja taratibu, na ukizigusa kwa pasi ya kulehemu hutoa harufu kama ya samaki aliyeoza. Kwenye mashine nyingi huhitaji kubadilishwa zote, hata zinazoonekana nzima.

Tuseme sasa shoti haipo, volti ziko sawa (njia ya volti 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25), lakini skrini ni nyeusi. Hapa ndipo ninapozipenda mashine hizi. Kila chipu ina kazi inayojulikana, miguu yake iko nje, inagusika, na IBM yenyewe ilichapa mchoro wa saketi yote katika kitabu chake cha ufundi. Unaweza kumuuliza mgonjwa maswali na akakujibu. Prosesa ya 8088, ubongo wa IBM PC, je, inapata umeme? Pini ya 40 iwe na volti 5, pini ya 1 na ya 20 ziwe grandi. Mapigo ya moyo yapo? Pini ya 19 ipokee mapigo ya 4.77 MHz, ambayo ni theluthi ya mapigo ya kristali ya 14.31818 MHz. Imeamshwa? Pini ya 21 ipande kwa muda mfupi unapowasha kisha ishuke. Ikibaki juu, prosesa itangoja milele. Yote matatu yakiwa sawa na bado kimya, ugeukie memori na ROM, chipu inayotunza maagizo ya kuwashia mashine.

IBM PC hujipima yenyewe kila inapowaka. Kosa la kibodi huonyeshwa kwa namba 301, la memori kwa 201, na tarakimu zinazotangulia hiyo 201 hukuelekeza hadi kwenye chipu mbovu katika safu ya chipu tisa: nane za data na moja ya kuhakiki. Tatizo ni kwamba memori ya mwanzo kabisa ikiharibika, mashine haifiki hata pa kuandika namba hiyo. Mafundi wana mbinu yao hapo: chukua chipu nzima ya aina ileile, ibebeshe juu ya ile inayoshukiwa, mguu kwa mguu, kisha uwashe. Mashine ikiamka, umempata. Ila isipoamka usiseme chipu ya chini ni nzima, maana iliyopiga shoti huivuta hata ile ya juu. Kidole nacho husaidia, kwa tahadhari: chipu inayochoma huku jirani zake ni vuguvugu inastahili kushukiwa.

Kuitoa chipu mbovu kunahitaji subira kuliko nguvu. Chipu ikishakufa, sioni sababu ya kuihurumia: kata miguu yake yote, kisha toa mguu mmoja mmoja kwa pasi, ili duara za shaba zisibanduke. Weka soketi, kisha chipu mpya.

Ukiwasha IBM PC iliyopona utasikia mlio mmoja mfupi, maana yake vipimo vyote vimepita. Hata kama haina diski, haitakwama: itafungua BASIC, lugha ya kuandikia programu, iliyohifadhiwa ndani ya ROM yake tangu kiwandani, iandike Ok kwenye skrini, na alama ndogo ianze kuwaka na kuzima chini yake, ikingoja uandike.