Mgongo wa jani ukiwa kijivu bado hujamaliza kazi

Wiki hii tena nimetumiwa picha ya jani moja tu, limegeuzwa, na maelezo yake "chini kijivu, dhahabu hamna, basi ni Quercus vacciniifolia". Jamani. Swali la kuutambua mwaloni huu kwa mgongo wa jani nimelijibu mpaka nimechoka, acha niliandike.

Huu ni mwaloni mdogo wa Sierra Nevada, California, unapanda hadi milima ya kusini magharibi ya Oregon. Sisi wa Afrika Mashariki mwaloni tumeusoma kwenye Biblia, mialoni ya Mamre, mti mkubwa mtu anapiga hema chini yake. Huu wa huku California mara nyingi haukufiki kifuani, umejibanza kwenye granaiti kule juu ya ziwa Tahoe, majani madogo ya sentimita moja mpaka tatu hivi, hayapukutiki msimu wa baridi.

Sasa tatizo ni ndugu yake, Quercus chrysolepis. Huyo chini bondeni ni mti kabisa, ila akipanda kwenye miamba mikavu naye anakuwa kichaka, na hapo ndo watu wanakumbuka ile kanuni ya dhahabu: chini dhahabu ni chrysolepis, chini kijivu ni vacciniifolia. Ni kweli jani lake changa lina unga wa dhahabu chini. Changa! Majani yake yanakaa mtini zaidi ya mwaka, na yakizeeka ule unga unatoka wote, mgongo unabaki kijivu cha kubluu, yaani rangi ileile uliyoiita ushahidi. Kwahiyo ukichuma jani la zamani la chrysolepis ukalipiga picha, umejidanganya mwenyewe na kamera yako. Geuza majani ya ncha ya tawi, ya msimu huu, kisha ya nyuma yake, ulinganishe kwenye tawi hilohilo.

Na meno pembeni ya jani? Usiyategemee sana, chrysolepis anaweza kuwa na majani yenye miiba na yasiyo nayo kwenye mti mmoja. Tunda kukomaa mwaka wa pili ndo halisaidii kabisa, wote wawili wako hivyo, ni wa kundi moja la mialoni, Protobalanus.

Mimi naanza na mkono. Kamata kitawi, ukipinde. Cha vacciniifolia ni chembamba na kinapindika vizuri, cha chrysolepis kigumu. Halafu piga magoti utafute vikombe vya matunda, vile vinavyoshika tunda kwa chini, hapo chini ya kichaka: vacciniifolia kikombe chake chembamba, kama kisosi, chrysolepis kikombe kinene kimevimba, kimejaa manyoya ya dhahabu. Na kama tunda ni mpira wa miiba kama kalunguyeye na dhahabu ya chini ya jani haitoki hata uzeeni, huo si mwaloni, ni Chrysolepis sempervirens, majina yanafanana tu.

Vitabu vinaonyesha kana kwamba kila kichaka kina upande wake. Huko mlimani wanapokutana hawa wawili wanazaana, unakuta kitawi laini na kikombe kinene, nimeshakaa kwenye kichaka kimoja nusu saa nikabadilisha jibu mara tatu. Siku hizi naandika chotara, au naishia Protobalanus, na silazimishi jina.

Picha ya jani moja nitaendelea kuirudisha. Nitumie tawi zima, lenye majani ya mwaka huu na ya zamani, pamoja na kikombe, hata kile kilichodondoka mwaka jana.