Je, wajua kwa nini kabati la zamani la gemu huyumba likishang'olewa mbao za ndani?

Fungua mlango wa nyuma wa kabati la gemu, yaani lile sanduku la mbao lenye skrini na vitufe vya kuchezea, la enzi za Pac-Man, ile gemu ya mwaka 1980, uchungulie. Utaona TV ya chogo, nyaya zilizofungwa mafungumafungu, vumbi la miaka, na konani vipande vya mbao visivyopigwa randa wala rangi. Fundi anayetaka kupachika skrini bapa huviona ni vizuizi tu, akashika nyundo. Akimaliza, kabati analisukuma kwa kidole nalo linayumba.

Chukua boksi la viatu, ondoa mfuniko, kata na kitako, kisha lisukume kwa ubavu. Linalala. Kabati la gemu nalo ni hivyohivyo: mbele limeachwa wazi kwa ajili ya skrini na vitufe, nyuma kuna mlango wa kufungua na kufunga. Zinabaki kuta mbili za ubavuni, na vile vipande vya kona ndivyo vinavyozishika zisilale. Vingine vimebeba rafu ya chogo, ambalo ni zito hasa kwa mbele, kwenye kioo kinene.

Na hilo chogo usilichezee. Hata likiwa limechomolewa kwenye umeme, tyubu yake huweza kuhifadhi chaji ya maelfu ya volti. Mwite fundi wa TV aliondoe kwanza. Hapa ubishi hauna faida.

Ukija kwenye mbao zenyewe, wengi hukosea kwa kudhani zimeshikwa na pini. Kiwandani pini zilipigwa ili kubana tu mpaka gundi ikauke. Baada ya hapo kazi yote ni ya gundi. Ndiyo maana unang'oa pini zote na kipande hakitikisiki. Ukikichokonoa kwa mtaimbo kinatoka, lakini kinatoka na nyama ya ukuta, maana kuta nyingi ni za chipubodi, yaani chenga za mbao zilizoshindiliwa na gundi, nazo humeguka kama keki. Maji nayo yaache kabisa: chipubodi ikilowa huvimba, na hairudi ilivyokuwa.

Mimi naona heri kukitoa kafara kile kipande. Weka patasi kwenye uso wake, ukifuata mkondo wa nyuzi za mbao, gonga kidogokidogo, kikatike vipande vyembamba. Ukibakiza utando mwembamba, ulaze patasi na kuukwangua taratibu. Ng'oa kimoja, weka kipya mahali pengine panapokufaa, ndipo uhamie kingine. Usivitoe vyote kwa mpigo.

Kila ukigandisha kimoja, pima nyuma ya kabati kona kwa kona, mshazari mmoja kisha wa pili. Vipimo vikitofautiana, kabati limepinda: bana zile kona za mshazari mrefu mpaka vilingane, kabla gundi haijakauka.