Kifaru cha adui hakiendi bila vipuri vyake

"Adui akikimbia akaacha kifaru, aliyekiokota amepata kifaru cha bure." Ndivyo wengi wanavyodhani. Lakini kifaru kinataka makombora ya kipenyo chake, vipuri vyake na fundi anayekijua. Vikikosekana, siku ya kwanza mnyororo ukikatika kinabaki pale pale.

Vita vya Tanga vya Novemba 1914 vinaonyesha jambo hili vizuri. Askari wengi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, walikuwa na bunduki za mwaka 1871, za baruti nyeusi. Kila risasi ilifuka moshi mzito, na adui akajua mpigaji amelala wapi. Waingereza waliporudi melini waliacha bunduki mpya, bombomu na risasi zipatazo 600,000. Kwangu mimi hizo risasi ndizo ngawira yenyewe, maana bunduki isiyo na risasi ni gongo tu. Novemba 1917 jeshi hilo likavuka Ruvuma, likaiteka kambi ya Wareno ya Ngomano na kubadilisha silaha tena. Liliposalimisha silaha kule Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, bunduki zake zilikuwa za Kiingereza na Kireno.

Ujerumani ilipoichukua nchi ya Wacheki mwaka 1939, ilipata vifaru pamoja na viwanda vinavyovitengeneza. Ndiyo maana vifaru hivyo viliweza kupigana Ufaransa mwaka 1940 na vingine vikaendelea kuundwa.

Wapo wanaosema kutumia silaha za adui ni dalili ya jeshi lililofilisika. Mara nyingine ni kweli: mwaka 1918 Ujerumani ilikuwa imeunda vifaru vya A7V takriban 20 tu, na vingi ilivyotumia vilikuwa vya Waingereza. Lakini Israeli, baada ya vita vya 1967, ilivichukua vifaru vya Kisovieti vya T-54 na T-55 na kuvifunga mizinga ya milimita 105, iliyotumia makombora yale yale ya vifaru vyake vingine. Huko ni kupanga, si kuishiwa.

"Ukipanda kifaru cha adui utamdanganya." Hatari ya kwanza ni wenzako, ambao wamefundishwa kulipiga umbo hilo wakiliona tu. Tobruk, Libya, Januari 1941, Waaustralia walivichora vifaru vya Kiitaliano walivyoviteka kangaruu weupe wakubwa ubavuni, ili wasipigwe na watu wao. Tena Itifaki ya Kwanza ya 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva ya sheria za vita, inakataza kushambulia ukiwa na alama au sare za adui. Kifaru chake tumia, nembo yake futa.

Wala si mali ya askari aliyekiteka. Ngawira ni ya dola. Gari la wagonjwa nalo laweza kutekwa, lakini Mkataba wa Geneva wa 1949 unamlazimu aliyeliteka kuhakikisha majeruhi waliomo wanatunzwa.