Yanayosemwa vibaya kuhusu nchi za mstari wa mbele, na sisi wa Kusini tukiwemo

Kila mada ya Msumbiji, makaburu (utawala wa wazungu wabaguzi wa Afrika Kusini) na nchi za mstari wa mbele, yaani nchi huru za jirani zilizoshirikiana kupinga tawala za wazungu kusini mwa Afrika, ikija kijiweni hapa Mtwara nasikia yaleyale, na mengine yanasemwa na watu ambao wazee wao waliishi kandokando ya Ruvuma enzi hizo, inaniuma kwa kweli, ndo maana naandika.

Kubwa kabisa ni hii, eti Tanzania ilitoa msaada tu, vita vyenyewe havikutufikia. Si kweli hata kidogo. Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilizaliwa Dar Juni 1962 baada ya vyama vitatu kuungana, Septemba 1964 ikaanza vita kule Cabo Delgado, yaani ng'ambo ya mto tu hapo, na wapiganaji wake walikuwa wanafunzwa Nachingwea na mkuu wao akawa Samora Machel. Mreno, aliyekuwa anaitawala Msumbiji, alijua wanatokea wapi. Vijiji vya mpakani upande wetu vikapigwa mabomu, njia zikategwa mabomu ya ardhini, mtu anaenda zake shamba hana bunduki wala kadi ya chama na tayari yuko vitani. Alafu nendeni Naliendele, wengi tunapajua kwa utafiti wa korosho, pale wamelala wanajeshi wetu waliofia Msumbiji. Huo ni msaada tu?

Dhana nyingine: nchi za mstari wa mbele zilikuwa na jeshi moja na makao makuu. Hamna. Walikuwa marais wanakutana na kukubaliana, Nyerere, Kaunda wa Zambia na Seretse Khama wa Botswana, wakaongezeka Samora wa Msumbiji na Neto wa Angola nchi zao zilipopata uhuru 1975, Zimbabwe ikaja 1980. Nyerere aliongoza mpaka 1985, Kaunda akapokea.

Na kwamba wote walikuwa na msimamo mmoja, hapo ndo watu wanakosea zaidi, kwasababu kila nchi ilikuwa na shingo yake na makaburu walijua pa kuikaba. Botswana bidhaa zake karibu zote zilipitia kwao, kwahiyo haikuruhusu kambi za kijeshi, ilipokea wakimbizi, na bado Juni 1985 makomandoo wa makaburu waliingia Gaborone usiku wakaua watu 12. Malawi ya Banda haikuwa hata kwenye kundi, ilikuwa na ubalozi na makaburu. Msumbiji nayo Machi 1984 ilisaini na makaburu mkataba wa Nkomati, wa kutoshambuliana wala kusaidia waasi wa upande wa pili, na hapa kuna wanaomwita Samora msaliti. Mimi siwaelewi. Nchi imefunga mpaka na Rhodesia (Zimbabwe ya leo) 1976 ikakosa mapato ya reli na bandari ya Beira, Renamo, waasi wa Msumbiji, inayolishwa na makaburu inachoma shule na zahanati, mvua nazo zimegoma, ungekuwa wewe ungefanyaje? Alisaini ili watu wake wapumue, na waliovunja ahadi ni makaburu, waliendelea kuwapa Renamo silaha.

Hii ya kwamba SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilianzishwa kwa biashara tu ni fupi: ilianza Lusaka Aprili 1980 kama SADCC, nchi tisa, na lengo kubwa lilikuwa kupunguza kuitegemea Afrika Kusini kwenye reli, bandari na umeme. Malawi safari hii ilikuwemo.

Ya mwisho, kwamba kazi yetu iliisha 1975 Samora alipoondoka Nachingwea kwenda kushika nchi. Mwaka 1987 wanajeshi wa Tanzania walikuwa wameshavuka tena Ruvuma, wanapigana na Renamo, na Samora mwenyewe alishakufa ndege yake ilipoanguka Mbuzini, Afrika Kusini, Oktoba 1986.